Kaburi Lililochimbwa Mapema

Kaburi la Liberatus lilichimbwa siku ileile habari za kifo chake zilipofika. Ndugu zake hawakungoja kumwona. Walikuwa wamezoea namna moja tu ya kuletewa maiti: mtu wa barabara akifa kazini, lori la serikali lilimfikisha nyumbani kesho yake, amefunikwa turubai, na mnyapara wake amekaa mbele karibu na dereva, kofia mkononi. Ndivyo alivyoletwa baba yao, miaka ya vita vya Hitla. Kwa hiyo walichukua majembe, wakachimba kando ya shamba la mahindi chini ya misheni ya Tosamaganga, wakalainisha kuta za shimo, wakakaa kusikiliza mngurumo wa lori upande wa Iringa mjini.

Lori halikuja.

Katika kilima kile cha misheni, kaburi likishachimbwa haliachwi peke yake. Halifukiwi likiwa tupu pia, kwa maana anayelifukia tupu amelialika lichague mwingine katika nyumba ileile. Wakakata shina la mgomba, wakalilaza ndani ili shimo lisijione halina mtu, wakawasha moto pembeni na kupeana zamu. Mvua ilinyesha. Kuta zilianza kumeguka. Wakawa wanashuka ndani kutoa tope, kama watu wanaochimba kaburi lilelile kila asubuhi.

Mama yake Liberatus, bibi Rozalia, alikaa ukingoni na gunia kichwani. Hakula. Alikuwa mjane aliyemlea mwanawe kwa jembe la kulima mashamba ya watu, na jembe hilohilo ndilo lililomkata Liberatus kidole kidogo cha mguu wa kushoto, alipokuwa mtoto wa kutambaa aliyemfuata mama yake kwenye tuta. Jambo hilo bibi Rozalia hakulisahau hata siku moja. Liberatus alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, mama yake aliendelea kuutazama mguu ule kila alipoingia mlangoni.

Mdogo wake Liberatus, Didas, alitumwa Mbeya kufuata maiti. Alirudi mikono mitupu.

"Serikali wanasema ni mtu wa kontrakta," alisema. "Kontrakta anasema mlima ni wa serikali."

Bibi Rozalia akamgeukia mke wa marehemu. "Nenda wewe, mama Paskalina. Mke hawezi kuambiwa njoo kesho."

Apolonia, mama Paskalina, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache. Masista wa misheni walimfundisha kushona na kusema Kiswahili safi, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomlisha, maana Liberatus alikuwa mbali miezi mingi ya mwaka. Alishona sare za watoto wa shule. Jioni alikaa barazani na binti zake wawili akiwaambia baba yenu anaangalia mlima usilale.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Liberatus kweli. Zamani, barabara ilipokuwa mikononi mwa serikali, kila mahali walipokata ukingo wa mlima aliwekwa mtu mmoja juu ambaye hakushika jembe wala sululu. Alitazama udongo tu. Ukipasuka, aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa, na wote walio chini walitupa vyombo na kukimbia. Walimwita Jicho. Liberatus alikuwa Jicho. Halafu mwaka ule serikali ikaona kipande cha mlimani, kile kinachopanda kutoka Mbeya kuelekea Chunya, kitakuwa rahisi zaidi kikipewa kontrakta, mtu binafsi, akimalize kwa watu wake na mashine zake. Watu walibaki walewale. Majembe yalibaki yaleyale, hata alama ya serikali iliyochomwa kwenye mipini haikufutwa. Lakini kontrakta alisema yeye hamlipi mtu kwa kutazama. Jicho akapewa sepetu, akateremshwa chini pamoja na wenzake. Mvua za Februari zilipokuja, mlima ulishuka bila kupigiwa kengele.

Mbeya, Apolonia alipokelewa na karani wa ofisi ya barabara, kijana wa Kinyakyusa aitwaye Andendekisye, soksi zake nyeupe hadi magotini. Alimpa kiti. Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli.

"Mama, zamani ningekuandalia lori sasa hivi," alisema. "Lakini kile kipande tumekitoa."

"Mmekitoa kwa nani?"

"Kwa kontrakta. Mpaka atukabidhi barabara, hata bwana mhandisi hawezi kumwambia ahamishe jiwe."

"Na walio chini ya mawe?"

Andendekisye alitazama dirishani, ambako ukungu ulikuwa umefunika mlima mpaka kiunoni. "Nao ni wa kontrakta, mama."

Apolonia akapanda mlimani kwa miguu na kwa lori la kuni. Kontrakta mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Chunya, au Dar es Salaam, kila mtu alimtaja mahali pake. Alikuwepo msimamizi wake, Joachim, mtu mnene mwenye koti la mvua, ambaye hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka tu.

"Dada, sikiliza," Joachim alimwambia. "Udongo ulioanguka umetoka juu. Sisi hatukupewa juu. Tumepewa barabara, upana wake, basi. Ule udongo ni wa serikali. Waje wautoe."

"Wao wanasema hawawezi kuugusa mpaka ninyi mmalize."

"Basi ngoja tumalize."

"Mkimaliza mtakuwa mmepitisha barabara juu yake."

Joachim alivuta kofia ya koti lake. Aliinama kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuelewa. "Jumamosi tunasawazisha. Bwana mkubwa wa jimbo anakuja kufungua. Sina la kufanya, dada. Nami nina bwana wangu."

Apolonia akaenda kukaa kwenye jiwe mbele ya vibanda vya wafanyakazi. Kutoka pale aliona lote: kovu jekundu la mlima, lundo chini yake, na katapila la njano likienda na kurudi kwenye ukingo wa lundo, likiula kidogo kidogo. Mkononi alikuwa na kifurushi cha sanda aliyoishona mwenyewe. Alifikiri juu ya shimo kule nyumbani, kuta zikimeguka, na mama mkwe chini ya gunia. Hakulia.

Mama mmoja mpishi akampa maji, naye akashukuru kwa Kihehe bila kukusudia. Dereva wa katapila, aliyekuwa ameshuka kujaza mafuta, akageuka ghafla.

"Ala! Mhehe huyu! Umekuja kutafuta mbwa wa kula huku? Wamekwisha kwenu?"

Apolonia aliinua macho. Mtu mrefu, mweusi kwa grisi, meno yote nje. Mngoni, lafudhi yake ilimtangaza. Tangu babu zao walipochinjana, Wangoni na Wahehe wametaniana, na mtani hajibiwi kwa ukimya.

"Mbwa wapo," alisema. "Nimekuja kumtafuta Mngoni mmoja aliyekimbia vita. Nasikia amejificha ndani ya chuma."

Watu wakacheka. Dereva akajipiga paja. "Jailos mimi! Sikukimbia, nilichoka kuwafukuza ninyi. Haya, Mhehe, nani amekutuma baridini?"

"Mume wangu. Yumo pale." Akanyoosha mkono kwenye lundo.

Jailos aliuangalia mkono ule, halafu katapila lake, halafu mkono tena.

"Jicho?" aliuliza polepole. "Yule aliyekuwa akiniita mke wake mdogo? Walituambia ametolewa. Walisema amekwisha kupelekwa kwao."

"Kaburi liko wazi. Hajafika."

"Na mimi wiki nzima ninapita juu ya mtani wangu." Jailos alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena, kana kwamba si grisi aliyokuwa akiitoa.

Kesho yake asubuhi, Ijumaa, kazi ilipoanza, Jailos aliliendesha katapila mpaka katikati ya barabara, akaliweka kingamo, akalizima na kujilaza juu ya bamba lake la mbele. Malori ya kokoto yakasimama nyuma. Joachim alikuja mbio.

"Una wazimu? Ondoa mashine!"

"Mimi ni mtani wa marehemu," Jailos alisema bila kuinuka. "Nimeziba njia ya msiba. Nipeni maiti yangu niibebe, ndipo njia ifunguke."

"Hapa si msibani!"

"Ndipo penyewe, mzee. Ulifikiri msiba ni wali?"

Wafanyakazi walijua maana yake. Huko kwao wote, mtani akilala njiani siku ya mazishi harukwi. Mmoja akachukua sululu, akaenda kwenye lundo, mwingine akamfuata, na Joachim akawaona wote wamempa mgongo. Saa nne gari la ofisi ya barabara likafika kuuliza kwa nini njia imefungwa, na aliyeshuka alikuwa Andendekisye na soksi zake nyeupe. Joachim akakubali wachimbe mpaka adhuhuri. "Adhuhuri tu," alisema. "Mlima bado haujatulia."

Mlima haukuwa umetulia. Vijiwe viliteremka vyenyewe. Hakuna aliyekuwa juu kutazama.

Karibu na adhuhuri walifikia mguu. Wakaacha masepetu, wakachimba kwa mikono, wakamtoa mtu aliyelala kifudifudi, amevaa kaptura na gunia la mvua. Tope la baridi lilikuwa limemhifadhi, ila uso, mwamba ulikuwa umeuondoa. Apolonia alipiga magoti. Akafuta mguu wa kushoto kwa ncha ya kanga yake.

Vidole vyote vitano vilikuwepo.

Akafuta tena. Akavipapasa kimoja kimoja.

"Ndiye?" Joachim aliuliza.

Apolonia alimgeukia. "Walikuwa wangapi pale chini, siku ile?"

"Mimi nimepotewa na mtu mmoja," Joachim alisema. "Mmoja tu. Kama kulikuwa na vibarua, wale tunaowaokota Mbalizi asubuhi, wale si watu wangu. Wanapanda lori, wanashuka. Siwaulizi majina." Akageuka kwa karani. "Kama si huyo aliyepotea, basi atakuwa wenu."

Andendekisye alirudi nyuma hatua moja. "Serikali haina mtu hapa." Alisema kwa sauti ndogo, akaona aibu, akasema tena vilevile.

"Basi, dada," Joachim alisema. "Kama ndiye, mchukue. Lori nitakupa sasa hivi, mpaka mlangoni kwenu. Kama siye, arudishwe alipokuwa mpaka mwenyewe atokee. Adhuhuri imefika. Sichimbi tena."

Mawe yakateremka tena, makubwa zaidi, na wachimbaji wakakimbilia barabarani. Maiti akabaki peke yake kwenye tope, miguu imenyooka. Apolonia alimtazama. Kando yake, labda kiasi cha mkono mmoja tu ndani ya udongo, alikuwa mumewe. Kama angesema siye, wangewafunika wote wawili. Kama angesema ndiye, asingerudi tena kumdai mwingine.

"Wa nani huyu?" Andendekisye aliuliza, kwa maana ilimpasa kurudi na jibu.

"Wangu," alisema Apolonia.

Jailos alikuwa amesogea kumbeba. Aliviona vidole. Aliwahi kulala kibanda kimoja na Jicho, alijua. "Mtani," alinong'ona, "una hakika?"

"Mfunike miguu, mtani."

Akamfunika. Wakamfunga katika ile sanda iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, ikabaki ndefu, wakaikunja. Lori lilipoanza kuteremka, Apolonia alisikia nyuma yake katapila likiwashwa. Aliyeliwasha hakuwa Jailos, yeye alikuwa amesimama pembeni ya barabara na kifurushi cha nguo zake, amefukuzwa. Sauti ile ilimfuata kona baada ya kona.

Walifika Tosamaganga asubuhi. Watu walikuwa wakitoa tope kaburini. Shina la mgomba likaondolewa. Didas na wenzake walimshusha marehemu kwenye mkeka, na kila mtu akaziba pua na kujifanya hakuziba. Katekista alitaka kuanza sala haraka.

"Ngojeni," alisema bibi Rozalia.

Alijikokota hadi kwenye mkeka, akapitisha mkono chini ya sanda, upande wa kushoto. Mkono ulikwenda chini na kusimama. Apolonia aliinama karibu naye mpaka mashavu yao yakagusana.

Bibi Rozalia aliuliza, karibu bila sauti, "Wa nani huyu?"

"Sijui, mama. Hakuna aliyesema ni wake."

Mkono ulibaki mle kwa muda. Ulivishika vidole vyote, kama vile mama anavyovishika vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Kisha ukatoka, ukaikunja sanda vizuri chini ya visigino.

"Na wangu?"

"Wamepitisha barabara."

Bibi Rozalia alisimama mwenyewe, bila kushikwa. "Mshusheni," aliwaambia wanawe. Wakamshusha, na udongo ukaanza kuanguka, na hapo ndipo mama alipopiga ukelele wa kwanza tangu msiba uingie. Watu walishukuru kwamba hatimaye analia. Wakashangaa tu kwamba kaburi lilikuwa nyuma yake. Alilia ameelekea upande wa Mbeya.