Mzinga wa Mjerumani: kosa nililomfanyia babu yangu

Wakuu, habari za mihangaiko.

Leo sijaja kubishana na mtu. Nimekuja na jambo ambalo hata mke wangu nilimsimulia nusu tu, na humu nitaliweka lote kama lilivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke, mwenyewe nimeshajicheka sana na haikusaidia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Tabora mjini, Ng'ambo. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Chuma ndicho ninachokijua. Mti kwangu ni wa kutengenezea mpini wa nyundo, basi.

Wale wa siku nyingi mnanikumbuka kwenye nyuzi za silaha humu jukwaani. Nilikuwa sipitwi. Hasa zile silaha za ajabu za askari wa miguu wa Ujerumani, wakati wanakaribia kushindwa Vita vya Pili.

Bunduki iliyopindwa mtutu na kufungwa kioo, ili askari apige risasi nyuma ya kona bila kutoa kichwa. Guruneti la zege kwa sababu chuma kimeadimika. Bomba la kurushia kombora, unapiga mara moja unalitupa. Bunduki za bati lililokandamizwa, zimechomelewa ovyo mpaka unaona kabisa kwamba fundi alikuwa na haraka, au njaa.

Nilikuwa naziangalia zile picha kwa jicho la fundi. Mtu amebanwa, malighafi hana, anaunga na kilichopo. Kile walichokuwa wanakipigania hakina heshima yoyote, ila ule ufundi wa kubanwa ulinivuta.

Na nilijua pia kwamba huku kwetu, Vita vya Kwanza, Mjerumani alibanwa hivyo hivyo. Meli hazifiki, risasi zinaisha. Kuna meli yake iliyozamishwa, akang'oa mizinga yake, akaiwekea magurudumu, watu wakaikokota bara. Nilisoma kwamba mingine ilifika mpaka upande wetu huu.

Hapo ndipo nilipojiona profesa.

Sasa nije kwa Babu.

Babu yangu mzaa baba ana miaka themanini na kitu. Maisha yake yote alikuwa Usinge, huko Kaliua, akilima na kurina asali. Presha ya macho ikamchukua jicho moja, baadaye la pili. Tukamleta mjini akae kwangu, na nyumba yake kule ikabaki tupu.

Asubuhi moja nikaenda kumwamkia kabla ya kufungua karakana.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Kaa hapo. Nina haja moja tu."

Nikakaa.

"Uniletee mzinga wa Mjerumani. Uko kule nyumbani, upande wa nyuma. Ile nyumba haitamaliza mvua hizi, itaanguka nao."

Wakuu, nilihisi joto mpaka masikioni.

"Mzinga wa Mjerumani kabisa, Babu?"

"Eeh. Ule wa kazi ya baba. Wabelgiji walipokuja na ile njia ya zamani ya misafara, ulilia siku moja tu, wakakimbia huku wanavua mashati." Akacheka mwenyewe, meno mawili yaliyobaki yakaonekana.

"Una chuma?"

"Una chuma chake na waya wake. Uufunge vizuri njiani." Halafu akaongeza: "Nataka kuushika tu. Baba hakupigwa picha hata moja. Mkono wake uko pale."

Mtu mwenye akili hapo angeuliza swali moja zaidi. Mimi sikuuliza. Niliogopa nikiuliza sana ataita baba zangu wadogo, kiwe kikao, na mimi nisiwe wa kwanza kuuona. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwa cha uzi humu. Picha ya mzinga wa meli, mimi nimesimama pembeni, nyie mnashangaa.

Nikamchukua rafiki yangu Masanja, ana mashine ya kutafutia dhahabu, ile unapitisha juu ya ardhi inalia ikikuta chuma. Tukapanda gari mpaka Kaliua, tukamalizia kwa bodaboda.

Mzinga wa vita hauachwi wazi, nikajua umefukiwa; tukachimba siku tatu nyuma ya ile nyumba. Mvua haikatiki. Majirani wakauliza, tukasema tunachimba choo. Mama mmoja akasema hicho choo ni cha shule nzima.

Mashine ililia sana, siwezi kuisingizia. Tulipata jembe lililoliwa na kutu, mshikio wa sufuria, na pedeli ya baiskeli. Mzinga hakuna.

Siku ya tatu mchana tuko jikoni kwa Babu, hoi, njaa inauma, na kuni zote zimelowa. Masanja amepuliza moto mpaka machozi yanamtoka. Nikainua macho, nikaona juu ya mafiga, kwenye uchaga wa fito, kuna gogo.

Lilikuwa jeusi tii kwa masizi ya miaka yote ile. Mzinga wa nyuki wa kizamani, ule wa gogo lililopasuliwa katikati, likakombwa ndani, vipande viwili vikafungwa pamoja. Mkavu kabisa.

Nikaushusha. Ulikuwa umefungwa kwa waya, na ubavuni una kijichuma kilichofuliwa kwa mkono, kama ndoana yenye springi. Mimi na chuma tena. Waya nikaufungua taratibu kwa sababu ulikuwa mzuri, kile kichuma nikakitia mfukoni nikidhani ni kitasa cha mlango wa zamani. Mti nikampa Masanja.

Akaupasua kwa shoka. Kabla hajautia motoni akacheka, akasema, "Mwanangu, tunachoma mzinga kutafuta mzinga!"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Uliwaka vizuri sana. Moshi wake ulinukia nta. Nikasema yule mzee alikuwa anajua kutunza kuni. Tukasonga ugali, tukala na dagaa, tukafunga mizigo.

Nilipofika mjini nikamkuta Babu amevaa shati lake la kanisani. Si Jumapili. Alivaa kwa ajili ya mzinga.

"Babu, tumechimba nyuma yote, hakuna kitu. Nahisi watu wa chuma chakavu waliupitia."

"Mlichimba?"

"Ndiyo, Babu."

"Mlichimba nini? Mzinga uko jikoni huko nyuma, juu ya uchaga."

Wakuu, mkono wangu ukaenda mfukoni, kwenye kile kichuma.

Babu hakujua kwamba tumeuchoma. Akaendelea kunielekeza, kwa upole, kama anamwelekeza mgeni njia. Kwamba baba yake alikuwa mrina asali. Kwamba mzungu wao, Mjerumani, alipokuwa anaishiwa risasi, aliamuru warina wote walete mizinga yenye nyuki wakali. Inawekwa mitini juu ya njia, waya unapita chini kwenye nyasi, askari wa adui akiugusa, kile chuma kinafyatuka na mzinga unafunguka juu ya vichwa vyao.

"Wa baba ndio huo mmoja uliorudi," akasema. "Shika pale nchani, utakuta mikato mitatu na duara. Alama yake. Kila mrina alikuwa na yake. Aliichonga kwa kisu chake mwenyewe."

Mashati. Sasa nikaelewa kwa nini Wabelgiji walivua mashati. Nani anavua shati kwa sababu ya bomu?

Mimi ni Mnyamwezi, wakuu. Neno mzinga nimelijua kwa nyuki kabla sijajua kusoma. Nilikulia kwenye asali ya yule mzee. Lakini aliposema Mjerumani, nyuki wote wakatoka kichwani, kikabaki chuma kitupu. Silaha ya ajabu kuliko zote nilizowahi kuwaonyesha humu ilikuwa jikoni kwetu, na mimi nilikuwa nazitafuta mtandaoni.

Kosa la kwanza lilikuwa ujinga. La pili nililifanya kwa akili zangu timamu, na ndilo linalonila mpaka leo.

Nilisema, "Jikoni sikuingia, Babu. Nitarudi."

Nikaenda Ulyankulu, nikapata mzinga wa gogo mkuukuu kwa mrina mmoja. Nikaukausha juu ya moto siku kadhaa nyuma ya karakana mpaka ukawa mweusi. Nikaufunga kwa waya ule ule wa Usinge. Nikapigilia kile kichuma ubavuni. Kazi safi kabisa, fundi mwenzangu angenisifu.

Alama sikuichonga. Nilijaribu kwenye kipande kingine cha mti, mkono ukakataa. Nikajidanganya kwamba mzee haoni, ataushika kidogo, atafurahi, yataisha.

Nikamletea mchana, nikauweka mapajani mwake.

Alianza na waya. Akaupitia kwa vidole, fundo kwa fundo. "Waya ndio wenyewe," akasema, uso ukamng'aa. Akagusa kile chuma, akakibonyeza, kikafyatuka. Akacheka kama mtoto.

Halafu kidole gumba kikaenda nchani.

Kikazunguka mara ya kwanza. Akaugeuza, akajaribu ncha ya pili. Akarudi ya kwanza. Mimi nimesimama pale, natamani mtu aniite nje, hata mdai.

Akauinua, akaunusa. Akauweka chini.

Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza habari za karakana:

"Mlipikia nini?"

Nilishindwa kusema uongo wa tatu.

"Ugali, Babu."

"Mlishiba?"

"Tulishiba."

"Haya."

Nilipiga magoti, nikaomba radhi, nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Akanipapasa kichwani, akasema hakujua kwamba mimi sikujua, angenieleza vizuri zaidi. Yaani akajitwisha yeye kosa. Afadhali angenichapa na ile fimbo yake.

Baadaye alisema, "Huo mwingine mrudishie mwenyewe, bado unafaa kwa nyuki." Nikaurudisha. Ule waya akauomba. Ameukunja, anakaa nao chini ya mto.

Bado tunaishi naye, na utani wetu upo kama kawaida. Ila neno mzinga hajalitamka tena mbele yangu. Asali ikija mezani anasema "ile chupa".

Nilirudi Usinge baada ya wiki mbili kuchekecha jivu, nikidhani labda ile ncha haikuungua yote. Nyumba ilikuwa imeshaanguka na mafiga yamefukiwa na matope. Nilichokoachokoa kwa mikono mpaka jioni.

Nilichojifunza ni kidogo sana. Mzee akikutuma kitu, muulize ni kitu gani, hata kama unaona unakijua kuliko yeye. Hasa kama unaona unakijua kuliko yeye. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Mimi Babu angenisamehe ujinga bila shida. Kile alichokipapasa akakikosa ni mkono wa baba yake, halafu akakuta nimeweka wangu.

Ushahidi sina, wakuu, niliupikia. Kwa hiyo msiniombe picha. Ila kama kuna mtu humu wa Usoke, Kaliua, Urambo, popote pale kwenye ile njia, ambaye kwao wazee walisimulia habari ya mizinga ya nyuki na waya, naomba aandike hapa chini. Hata mstari mmoja.

Nitamsomea Babu.