Magauni Matatu ya Safari

Juzi sokoni Rumonge nilimwona mtoto wa kike amevalishwa sweta juu ya gauni, jua linawaka, jasho linamtiririka. Nikajiona mimi mwenyewe.

Mchana ule wa utoto wangu, hapa hapa Rumonge, nyumba yetu ilinuka mawese. Mama alinivalisha gauni la Idi, akaongeza la shule, kisha lile kuukuu la nyumbani juu yake.

"Vaa yote, mwanangu. Ku ziwa iko baridi."

"Tunaenda wapi, mama?"

"Vakansi. Kwa shangazi yako, Kigoma."

Nilifurahi mno kwenda likizo. Niliamini ananivalisha yote ili binamu zangu wanionee wivu. Sikujua kwamba siku zile za machafuko mwenye furushi alisimamishwa njiani kama mtoro, na mwenye mikono mitupu alipita. Baba alikuwa hajarudi nyumbani wiki nzima. Mama alisema atatufuata.

Ufukweni tulipita katikati ya ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa mchangani, mama akisalimu kila mtu, "Amahoro, amahoro," kama anayekwenda harusini. Boti ilipoondoka, midomo yake ikaanza kutetemeka. Nikadhani ndiyo ile baridi, nikavua gauni la juu nikamfunika magoti.

"Imba," akaniambia. "Mutu wa vakansi halii."

Nikaimba mpaka sauti ikakauka.

Baba hakutufuata. Vakansi ile ilikwisha nikiwa na wajukuu, niliporudi Rumonge.

Sasa kila kiangazi nawapeleka Nyanza-Lac kwa boti, tule samaki mukeke wa kuchoma, tucheke. Kila mmoja anavaa gauni moja tu, na jioni lazima turudi nyumbani.