Uso wa Hashimu Uliokataa Kununa

Hashimu Shemhilu wa Shume alizaliwa anacheka. Si kwamba alikuwa na furaha kupita watoto wengine, hapana. Ni pembe za mdomo wake tu zilizoelekea juu, zikabaki huko huko. Mkunga alimwambia mama yake, "Huyu kafurahi kuja duniani," na kumbe mtoto wa watu alikuwa analia.

Uso huo ulimtesa tangu udogoni. Shuleni alichapwa kwa kumcheka mwalimu wa hesabu, na katikati ya kuchapwa akaongezewa viboko viwili kwa kuicheka fimbo. Msibani wazee walimpa kazi ya kuchimba kaburi kila mara, maana mtu akiwa ndani ya shimo hakuna anayemtazama usoni. Lakini tusiulaumu sana, kwa sababu ndio uliompatia mke. Siku walipopeleka posa Lukozi, Bi Latifa, mama mzazi wa Sabra, alipika makande yakamuungulia. Wageni wote walidonoa na kusukuma sahani, isipokuwa Hashimu, aliyekula mpaka chini huku uso umemchangamka. "Huyu kijana kalelewa," akasema Bi Latifa, na mambo yakaisha hapo. Sabra alikuja kujua baada ya ndoa kwamba siku ile mumewe alikuwa anaumwa tumbo.

Kazi yake ilikuwa kunoa misumeno katika kiwanda cha mbao. Msiwaze msumeno wa mkono. Huu ni ule wa utepe, mrefu kama kamba ya kuanikia nguo za ukoo mzima, unaozunguka na kupasua gogo la msunobari kama mtu anayekata mkate. Jino moja likikaa upande, ubao unatoka na mawimbi. Hashimu aliweza kukaa kwenye kibanda cha chai, mbali na mashine, akainua kidole na kusema, "Kuna jino limelala." Wenzake walizima mashine, wakakagua, wakalikuta jino limelala kweli.

Habari ya Ujerumani aliileta Twaha, aliyesoma naye chuo cha ufundi, ambaye miaka mitatu hii yuko kusini mwa nchi hiyo katika kiwanda cha mbao. Mnoaji wao anastaafu, vijana wa kule hawataki kazi ya kuchungulia meno ya chuma siku nzima. Mwenye kiwanda alimhoji Hashimu kwa simu ya video saa nzima, maswali magumu, kwa Kijerumani ambacho Hashimu alikuwa amefundishwa mwaka na nusu na Mwalimu Marta, mstaafu mmoja wa pale Lushoto. Hashimu alitokwa jasho hadi shati likamgandia mgongoni. Kesho yake Twaha akapiga simu.

"Mzee anasema amehoji watu kumi na mmoja, na ni wewe peke yako uliyeonekana unaipenda kazi!"

"Mimi? Mimi nilikuwa nataka kuzimia."

"Usimwambie."

Mkataba ukaja. Cheti chake cha ufundi kikapelekwa, kikakaguliwa, kikakubaliwa. Ikabaki kuomba viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, ambayo akifika nayo huko atapewa kibali cha ukaazi. Karatasi zote zilikuwa tayari ndani ya faili la plastiki, na Sabra alilifunga faili hilo kwa khanga kama mtoto mchanga. Kitu kilichobaki ni picha. Nani angedhani?

Maelekezo ya picha yalijaa ukurasa mzima. Nyuma pawe na rangi ya kijivu hafifu. Uso uelekee mbele. Mdomo ufungwe. Mwombaji asitabasamu.

Edgar, mwenye studio na mashine ya fotokopi mjini Lushoto, aliyasoma, akaweka kamera sawa.

"Haya fundi, funga mdomo."

"Nimefunga."

"Usicheke sasa."

"Sicheki."

Edgar akainua kichwa juu ya kamera, akamtazama vizuri. "Fundi, hii ni ya serikali."

"Naelewa, Edgar. Piga."

Ikapigwa, ikatumwa pamoja na maombi kwenye mtandao. Baada ya siku tisa jibu likarudi kutoka ofisi ya maombi: nyaraka zote ziko sawa, picha haikubaliki, mwombaji anatabasamu.

Mara ya pili walijipanga. Edgar alimshauri awaze jambo la huzuni. Hashimu akafumba macho, akamkumbuka marehemu baba yake. Tatizo ni kwamba marehemu alikuwa na vituko. Kumbukumbu ya kwanza iliyomjia ni siku mzee alipomsalimia mbuzi wa jirani shikamoo, akidhani ni mke wa mwenyekiti amejifunika mtandio. Pembe za mdomo zikapanda juu zaidi.

"Unaharibu!" akalia Edgar.

"Ngoja mimi," akasema Sabra, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na faili lake mapajani. Akasimama mbele ya mumewe, akaweka mikono kiunoni, akaanza kumsomea makosa yake. Alianza na mwaka wa kwanza wa ndoa. Akataja bati lililovuja misimu miwili katika nyumba ya mtu anayejiita fundi. Akataja kuku wake wa mayai, aliyechinjwa kwa ajili ya Twaha bila yeye kuulizwa. Akataja siku aliyoachwa na kabichi gunia nne barabarani Lukozi huku mume yuko kibandani anasikiliza meno ya msumeno. Watu waliokuja kutoa fotokopi waliacha foleni wakasogea. Mama mmoja akasema, "Hata kuku wa mayai? Hapana, hapo kakosea."

Hashimu aliumia kweli. Alitaka ardhi impokee. Edgar akapiga picha mfululizo, na walipozitazama, mdomo ulikuwa pale pale, ila sasa nyusi zilikuwa zimepanda juu kwa mshtuko. Alionekana kama mtu aliyeambiwa mkewe kajifungua mapacha.

Wakatuma hiyo hiyo. Jibu likaja: mwombaji anatabasamu, tena nyusi zishushwe.

Bi Latifa aliposikia, alipanda bodaboda kutoka Lukozi na chupa mkononi.

"Shikamoo mama," akasema Hashimu.

"Marahaba, baba. Unacheka nini?"

"Mama, sicheki."

"Najua, nimesahau. Kunywa hii."

Ilikuwa maji ya mwarobaini yaliyochemshwa na mshubiri ndani yake, na kwa imani ya Bi Latifa hakuna binadamu aliyeweza kuyanywa akabaki anatabasamu. Wote wakashuka mpaka studio. Hashimu akakaa kwenye kiti, akapiga mafunda matatu. Uso ukajikunja, macho yakazama, masikio yenyewe yalionekana kurudi nyuma.

"Piga!" akafoka Bi Latifa.

"Macho yamefumba, mama!"

"Hashimu, fumbua macho!"

Akafumbua. Na macho yalipofumbuka, mdomo nao ukarudi mahali pake taratibu, kama mlango wenye springi. Edgar alipiga picha thelathini na mbili. Katika zote alikuwa ni yule yule Hashimu, amependeza, machozi yanamtoka, anafurahi.

Bi Latifa akaonja ile dawa kuhakikisha kama haijachuja. Yeye ndiye aliyenuna, akanuna mpaka Lukozi.

Siku ya miadi Dar es Salaam ilikuwa imefika na picha haijapatikana. Hashimu akaamua kwenda na ile iliyokuwa na tabasamu dogo kuliko zote, ambayo Edgar alikuwa ameipima kwa rula. Sabra akamfuata, kwa sababu faili hakuliamini mikononi mwa mwanamume. Hashimu alivaa koti la mtumba, zito, la baridi ya Shume, na walipofika kwenye ile ofisi ya maombi alikuwa anatiririka jasho kama amenyeshewa.

Dirishani alikaa dada mmoja mwenye miwani, mkavu wa maneno. Akapokea faili, akafungua khanga bila kuuliza kitu, akapitia mkataba, cheti, matokeo ya lugha, bima. Akagonga kila karatasi kwa kalamu. Akafika kwenye picha. Akaitazama picha, akamtazama Hashimu.

"Kaka, hapa si harusini."

"Samahani dada."

"Picha ya kutabasamu hatupokei. Umeshaandikiwa mara mbili, naona hapa."

"Sijatabasamu dada."

"Hata sasa unatabasamu. Unaomba msamaha huku unanicheka."

"Dada, nakuapia, sasa hivi nina hofu kubwa."

Sabra akasogeza kichwa dirishani. "Ni kweli. Huo ndio uso wake wa hofu."

Yule dada akaweka kalamu chini, akanyanyuka, akamwita mkubwa wake. Akaja Mjerumani mmoja, mtu mzima, mrefu, mwenye uso ulionyooka kama ubao uliopigwa randa. Mkononi alikuwa na karatasi ngumu yenye picha za mfano, zilizo sawa na zisizo sawa. Akaibandika kwenye kioo, akamwomba Hashimu kwa Kijerumani, polepole na kwa heshima, alegeze uso.

Hashimu akajibu kwa Kijerumani cha Mwalimu Marta, neno kwa neno, kwamba uso huu umelegezwa, bwana mkubwa, na hauna mahali pengine pa kwenda.

Mjerumani akafikiri. Kisha akaona afadhali amwoneshe mwenyewe. Akajielekeza kidole usoni. "Hivi," akasema, "ni uso wa kawaida." Akatulia. Watu wote ukumbini wakatazama. Kisha akasema, "Na hivi ni tabasamu. Hivi hapana."

Wakasubiri. Hakuna kilichobadilika.

"Umeona tofauti?" akauliza Mjerumani.

Hashimu alisogea karibu na kioo, maana alikuwa mtu wa kuchungulia kazi ya mtu kwa makini. Akatazama pembe za mdomo, akatazama mashavu, kama anayetafuta jino lililolala. "Naomba tena," akasema.

Mjerumani akarudia. Wa kawaida. Tabasamu. Wa kawaida. Tabasamu. Uso wake haukusogea hata unywele mmoja. Nyuma, kwenye viti, mzee mmoja aliuliza kwa sauti, "Ameshaanza?"

Hapo ndipo Hashimu alipocheka. Na kicheko cha Hashimu, wachache walikuwa wamewahi kukisikia, kwa sababu watu wakidhani mtu anacheka tayari hawahangaiki kumchekesha. Kilianza tumboni, kikakwama, kikaanza tena, kama injini ya mashine ya mbao asubuhi ya baridi. Macho yalipotea. Mdomo ulifunguka mpaka magego yakahesabika. Akapiga mguu chini, akashika ukuta, akamshika Sabra, Sabra naye akaangua kicheko, kikamshika mzee wa kwenye viti, kikaenda safu kwa safu hadi kwa mlinzi wa mlangoni aliyelazimika kutoka nje. Yule dada wa dirishani alivua miwani, akafuta macho kwa kona ya khanga ya faili.

Mjerumani peke yake hakucheka. Au alicheka, nani angejua? Alisubiri kwa subira mpaka Hashimu alipomaliza, akajifuta, na uso ukarudi ulivyokuwa.

"Aha," akasema Mjerumani. "Sasa nimeelewa. Ile ndiyo kucheka."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Na hii si kucheka."

"Hapana, bwana mkubwa. Hii ni kusubiri."

Akachukua karatasi, akaandika mistari miwili, akagonga muhuri, akaibana pamoja na picha. Dada wa dirishani akawatafsiria: *Mwombaji hatabasamu. Ndivyo alivyo. Nimehakikisha mwenyewe.* Kisha akamwambia Hashimu aweke vidole kwenye mashine ya alama, na wakati anaweka akamwuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, lakini ulipata kuona tofauti yoyote?"

"Dada, hata moja."

Wiki saba baadaye pasipoti ilirudi na viza ndani. Edgar aliomba nakala aitundike dukani, akakataliwa. Hashimu aliondoka Shume asubuhi ya ukungu, na Sabra alipomtazama pale barabarani hakuweza kujua kama mumewe anasikitika. Akamwuliza waziwazi, mbele za watu: "Una huzuni au huna?"

"Ninayo nyingi," akasema Hashimu, uso umemchangamka.

"Basi sawa," akasema Sabra, akamkabidhi faili.

Huko Ujerumani mambo yalikwenda. Kibali cha ukaazi alikipata, kadi ngumu kama ya benki, na ile barua ya mistari miwili ilisomwa na ofisa wa mji ule mara tatu kabla ya kuombwa na mwenzake wa meza ya pili naye asome. Kiwandani walimpa chumba chenye taa kubwa na mashine ya kunolea inayojiendesha. Hashimu aliiheshimu mashine, lakini jioni alipita nyuma yake na tupa ya mkono, na wiki ya tatu mwenye kiwanda alileta ubao mmoja mezani, akaupapasa kwa kiganja, akaenda nao nyumbani. Sasa wafanyakazi wenzake wanamletea visu vya jikoni na mikasi ya bustani. Sabra yeye anasoma Kijerumani kwa Mwalimu Marta, mara mbili kwa wiki, maana anatarajia kumfuata.

Jumapili hupigiana simu. Jumapili iliyopita Bi Latifa alikuwa Shume, akaikwapua simu kwa binti yake, akaiweka karibu na pua.

"Hashimu! Unanisikia? Huko wanakula nini watu hao?"

"Shikamoo mama. Viazi."

"Viazi gani?"

"Viazi hivi hivi, mama. Mviringo. Asubuhi mkate, mchana viazi."

Bi Latifa akaishusha simu, akatazama nje, bondeni, ambako viazi vya Shume vilikuwa vimepandwa tuta kwa tuta mpaka ukingoni mwa msitu. Akairudisha karibu na pua.

"Umepanda ndege," akasema, "kufuata viazi?"