Jina Langu na Ng'ombe wa Abti

Mwaka wangu wa kwanza kazini, wafugaji wa Hulugho walikuwa wakimsalimia dereva. Nilishuka garini na kasha la chanjo begani, nao wakanipita, wakazunguka upande wa pili kumpa dereva mkono na kumuuliza daktari yuko wapi. Dereva alikuwa mtu wa Meru, hajui neno la Kisomali zaidi ya salamu. Alinionyesha kwa kidevu. Wakanitazama, kisha wakachungulia tena ndani ya gari, pengine kuna mwanamume amelala kiti cha nyuma.

Nilikuwa na diploma ya afya ya mifugo na miaka ishirini na mitatu. Nilizaliwa Sangailu, si mbali na hapo, na wengi wao walimjua mama yangu. Hilo halikunisaidia. Binti wa watu unamheshimu, unampa chai, lakini humkabidhi fahali wako.

Wa kwanza kunikabidhi ng'ombe wake alikuwa abti. Abti ni kaka wa mama, na kwetu neno hilo huenda na kurudi: mimi namwita abti, naye ananiita abti. Ng'ombe wake walikuwa wamepatwa na gendi, ugonjwa unaoletwa na mbung'o wa upande wa msitu wa Boni. Niliwapima mmoja mmoja huku wanaume wamesimama kando, mikono imeshika fimbo mabegani, wakingoja nikosee. Nilipomaliza nilimwambia, "Hawa watapona. Yule mwenye doa mgongoni sijui. Na huyu mzee mchinje leo, sindano yangu haitamsaidia."

Wanaume walinung'unika. Daktari gani huyo anayekataa kutoa dawa? Abti alimchinja yule mzee siku hiyohiyo. Wale wengine walipona, na mwenye doa akafa wiki ya pili. Habari ikazunguka kwamba yule msichana haongopi.

Hivyo ndivyo jina langu lilivyoanza. Nililijenga polepole, miaka sita. Nikisema nitafika Jumanne, nilifika Jumanne, hata kama ni kwa pikipiki, hata kama barabara imekatika. Nikiwa sijui, nilisema sijui. Dawa ikiwa imepita muda wake, niliimwaga mbele yao. Wachuuzi waliokuwa wakiuza dawa za unga zisizojulikana zilikotoka waliacha kupita njia yangu. Na ofisini Garissa ripoti zangu zilifika kabla ya mwisho wa mwezi, zimeandikwa vizuri. Mkubwa wangu aliniambia siku moja, "Jina lako limeanza kusikika hata Nairobi. Endelea hivyohivyo."

Nilipenda. Sitasema uongo. Nilipenda kuona watu wakiinuka mkekani gari linapotokea. Nilipenda wazee walioniuliza mambo yasiyohusu mifugo: mtoto asomee wapi, kesi ya kisima iamuliwe vipi. Kuna aina ya utamu katika kuaminiwa ambayo mtu akishaionja, hataki tena kusema "sijui".

Mwaka wa sita mvua ilikuwa imekosekana misimu miwili. Kabla ya msimu wa tatu tuliitwa Garissa kuelezwa utabiri wa hali ya hewa. Wataalamu walisema kuna dalili nzuri kwa upande wetu, mvua huenda ikawa ya kawaida, lakini hakuna uhakika. Walirudia neno hilo, uhakika, mara nyingi. Nililiandika kwenye daftari langu.

Hulugho niliwakuta wazee wamekutana tayari. Walikuwa wanaamua kama watahamisha ng'ombe mapema kwenda bonde la Mto Tana, kabla nyasi za huko hazijamalizwa na wengine. Ni safari ndefu, na kule kuna mashamba ya watu na ugomvi. Niliwasomea karatasi kama ilivyokuwa. Walisikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja wao, mtu niliyemtibia ngamia wake mwaka uliotangulia, akasema, "Hiyo karatasi tumeisikia. Sasa wewe, daktari. Wewe unasema nini?"

Watu kama arobaini wananitazama mimi, si karatasi.

Nikasema, "Mvua itakuja. Ningekuwa na ng'ombe, ningekaa."

Maneno yenyewe hayo. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta kama kulikuwa na "huenda" mahali fulani. Hakukuwa.

Baadhi yao waliondoka hata hivyo. Abti alibaki, na wengi walibaki kwa sababu abti, aliye damu yangu, amebaki. Wiki ya kwanza mawingu yalijikusanya upande wa Somalia, kila mtu akanitumia ujumbe wa simu kunishukuru. Mawingu yakaondoka. Wiki ya tatu ilinyesha mvua ya kulowesha vumbi, ikakoma. Walipoamua kuhama, ng'ombe hawakuwa tena na nguvu za safari.

Niliwafuata kwa gari. Niliwakuta siku ya nne ya mwendo wao, na sitaandika yote niliyoyaona njiani. Abti alikuwa na wanawe wawili na mkewe, wanamnyanyua ng'ombe aliyelala. Kwetu ng'ombe akidhoofika hulala usiku na asubuhi hawezi kusimama peke yake. Wawili hushika mkia, wawili mabega, wanamwinua, na akisimama siku hiyo ameokoka. Nilitupa begi chini nikashika bega moja. Tulimwinua. Alisimama, miguu ikitetemeka, kisha akakunja magoti taratibu.

Nilianza kufungua sindano za vitamini. Abti akanishika mkono.

"Usitupe dawa, abti. Wapelekee wenye ng'ombe wanaosimama."

Hakuwa na hasira. Mkewe ndiye aliyenitazama na kusema, "Si wewe uliyesema mvua?" Abti akamwambia anyamaze. Hilo la kunyamazishwa liliniuma kuliko swali lenyewe.

Hakufika bondeni na ng'ombe hata mmoja.

Baada ya hapo mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui kuyaweka pamoja. Hulugho gari langu lilipofika watu walibaki mkekani. Walinijibu salamu, walinipa chai, wakaniambia mifugo iko salama, hakuna mgonjwa. Nilijua wagonjwa wapo. Dawa za unga zilikuwa zimerudi sokoni. Na huku Garissa, ripoti niliyoandika kuhusu ukame ule ilisomwa ikasifiwa. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwa mpangilio: njia walizopita, mahali mifugo ilipoanguka, maji yalipokauka. Niliandika kwamba wafugaji walichelewa kuhama. Sikuandika ni kwa nini.

Nilipandishwa cheo. Katika kikao cha kunipongeza mkubwa wangu alisema kwamba nimekuwa mfano wa mtumishi anayeaminiwa na jamii. Watu wakapiga makofi. Nilikunywa soda yangu.

Nilikuwa na miezi mitano katika ofisi mpya pale Garissa abti alipokuja kuniona. Alikuwa amehamia na familia yake kwa jamaa, kwenye moja ya bulla, vitongoji vya pembeni mwa mji, nyumba ya mabati na matawi. Alivaa shati lililopigwa pasi. Alikaa mbele ya meza yangu, akatazama feni, akatazama rafu za faili.

"Abti, nimesikia kuna kampuni inaajiri walinzi. Wanataka barua kutoka kwa mtu anayejulikana. Wewe una jina."

Nilimwambia nitamsaidia kwa njia nyingine, mshahara wangu unatosha. Akatikisa kichwa.

"Sikuja kuomba chakula. Nimekuja kuomba barua."

Nikaiandika. Nilisema namjua kwa miaka mingi, ni mwaminifu na mchapakazi. Yote yalikuwa kweli. Nilipofika mahali pa kueleza uhusiano wetu, kalamu ilisita. Yeye ndiye aliyesema, "Usiandike kwamba mimi ni abti yako. Watasema umeweka ndugu zako. Jina lako litaharibika." Nikaandika "jirani wa zamani."

Kampuni ilimwajiri, na baada ya mafunzo ya wiki mbili ikampeleka kulinda geti la ofisi yetu. Sikuomba iwe hivyo, wala yeye. Asubuhi ile gari lilipiga honi, geti likafunguka, nikamwona amevaa sare ya bluu iliyompwaya mabegani, kofia imeshuka hadi masikioni. Mtu aliyekuwa akikaa mkeka wa mbele kwenye kikao cha wazee. Alisimama wima akapiga saluti.

"Karibu, madam."

Niliteremka kwenda kumsalimia. Akaniambia kwa Kisomali, kwa sauti ndogo, "Endelea, abti. Watu wanaona."

Tukaishi hivyo mwaka mzima na zaidi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo alijifunza maneno ya getini: "Simama habo," "Leta kitambulisho," "Mkubwa hayuko, rudi kesho." Vijana wa ofisini walimpenda, walimwiga matamshi yake, naye akacheka nao. Mimi nilicheka pia, mara moja tu. Kila Ijumaa nilimpelekea mkewe sukari na unga. Alivipokea, akanishukuru, na hatukuzungumza zaidi.

Nilijaribu kumwomba msamaha. Nilikwenda kwake alasiri moja, nikaanza, "Abti, lile neno nililosema Hulugho..." Akanikatiza kwa kuniuliza kama bado kuna mbung'o wengi kule. Nikamjibu kuhusu mbung'o. Tulizungumza juu ya mbung'o kwa muda mrefu.

Wakati huohuo nilialikwa chuoni kuzungumza na wanafunzi wa mifugo waliokaribia kumaliza. Mada ilikuwa jinsi ya kujenga sifa njema kazini. Niliwaambia washike ahadi, waandike ripoti kwa wakati, wawaheshimu wafugaji. Waliandika yote. Msichana mmoja wa Wajir, mwenye sauti ya chini, akauliza, "Na wakikuuliza jambo usilolijua, lakini wanakuamini?"

"Waambie hujui," nikasema. Alingoja niongeze. Nilimwita mwenye swali lingine.

Abti aliugua akiwa kazini. Dereva wa ofisi alikuja mbio kwangu kusema kwamba mzee wa getini ameanguka, anashika kifua. Tulimpakia kwenye gari tukamkimbiza hospitali. Nilikaa naye nyuma, kichwa chake kwenye paja langu, dereva akinitazama kwenye kioo. Pale mapokezi muuguzi alichukua fomu akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Dereva alikuwa amesimama bega kwa bega nami. Wenzangu wawili walikuwa wameshafika.

"Tunafanya kazi pamoja," nikasema.

Abti alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, hatua mbili kutoka nilipo, macho yamefumbwa. Sijui kama alisikia. Hata kwa Kiswahili chake kidogo, sentensi ile angeielewa.

Aliishi siku mbili baada ya hapo. Wanawe walikuwa naye, mkewe, na mama yangu aliyekuja kutoka Sangailu. Mimi nilikuwa naye jioni zote mbili, nikimshika mkono, na alizungumza kidogo, kuhusu maji, kuhusu kiatu chake kimoja kilichobaki garini. Hakutaja jibu langu la mapokezi wala neno la Hulugho, nami sikupata ujasiri wa kuyataja. Alifariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tulimzika kabla ya adhuhuri.

Alasiri wafanyakazi wa ofisini walikuja kutoa pole kwa familia ya mlinzi wao. Mkubwa wangu alitangulia, ameinamisha kichwa kupita mlango mfupi. Alinikuta nimekaa chini kati ya wanawake, kando ya mama, mtandio umenifunika hadi kwenye macho. Alisimama.

"Kumbe umetangulia," alisema.

Mama ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake. "Huyu ni mtoto yangu. Na mimi ni dada ya marehemu."

Mkubwa wangu akanigeukia. "Mbona hukutuambia?"

Wenzangu wote walikuwa mlangoni, na yule dereva nyuma yao ameshika kile kiatu kwenye mfuko wa plastiki. Nilisema, "Ni abti yangu. Ni kaka wa mama." Lilikuwa jibu la swali lingine. Alinipa pole, wakaketi kidogo na wanaume nje, wakaondoka.

Hakuna kilichobadilika ofisini. Hakuna aliyeniuliza kuhusu barua. Jina langu bado ni zuri, na mwaka huu nimeulizwa tena kama nitazungumza chuoni.

Siku ya mwisho ya msiba nilimsaidia mama kukunja mikeka. Aliniambia kwamba kaka yake alikuwa akimpigia simu karibu kila wiki. Hakumwambia kuhusu mshahara, wala kuhusu kusimama juani. Alimsimulia jinsi gari langu linavyoingia asubuhi, na kwamba yeye ndiye anayelifungulia.

"Alikuwa anafurahi," mama alisema, kisha akaniomba nishike ncha ya pili ya mkeka.