Nilivyoangalia Darasa la Mwalimu Ilunga

Siku ya kwanza ya kazi sikufundisha kitu. Niliketi nyuma ya darasa la pili, kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti yamebanwa, daftari mbele yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mji wetu bado ukiitwa Élisabethville. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na mafunzo mafupi ya ualimu. Kilichobaki kilikuwa kile tulichokiita kuangalia darasa: unaketi, unamtazama mwalimu mzoefu, unaandika.

Ninyi mnaojifunza ualimu leo mnaandika mpendavyo. Kurasa za daftari letu zilihesabiwa na kupigwa muhuri na Padri Mkaguzi, ili mtu asichane hata moja. Alituambia tuandike saa, na mwalimu anafanya nini saa hiyo. Mawazo yetu tuyaweke mfukoni. Sheria hiyo ilinifaa. Nilikuwa mwenye haya, na mkono wangu ulikuwa mzito. Wenzangu wakimaliza ukurasa, mimi nilikuwa mstari wa nne. Sikuwa na muda wa kupamba.

Tumaini langu lilikuwa moja tu. Aliyeleta daftari zuri aliweza kubakizwa mjini kufundisha madarasa ya chini. Wengine walipelekwa mbali, hata Mokambo mpakani. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa kifua, na hakuwa na mtu mwingine wa kumchotea maji.

Nilipangiwa Mwalimu Ilunga, nikafurahi na kuogopa kwa pamoja. Alikuwa mtu wa kaskazini, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mrefu, kaputula yake nyeupe imepigwa pasi kila siku. Watoto wake walijulikana shule nzima kwa kusoma, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Kila mtoto alikuwa na adwazi, ule ubao mdogo mweusi wa kuandikia kwa kalamu ya jiwe. Katika madarasa mengine mwalimu alipita kati ya madawati akitazama adwazi moja moja. Mwalimu Ilunga hakupita. Alitaja neno, watoto wakaandika, kisha akapiga kofi moja, na kila mtoto akampa jirani yake adwazi. Jirani alisimama akasoma kilichoandikwa, herufi kwa herufi, na darasa likajibu sawa au si sawa.

Siku moja mtoto mmoja alisimama na adwazi ya mwenzake akaigeuzageuza.

"Mwalimu, hii si maandiko. Ni miguu ya kuku."

"Basi soma miguu ya kuku," Mwalimu akasema. "Kuku naye alikuwa na neno."

Watoto walicheka, na yule mtoto akasoma, na neno lilikuwa sawa.

Niliandika nilichokiona. Saa mbili na robo, Mwalimu hatazami adwazi, jirani anasoma. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki mbili nzima niliandika hivyo, nikiamini naandika sifa.

Kila Ijumaa mwalimu alitakiwa kutia sahihi chini ya ukurasa. Ijumaa ya pili nilimpelekea daftari mezani. Akachukua kalamu, akachovya wino.

"Onesha fasi na kidole," akaniambia.

Nikaweka kidole gumba mahali pa sahihi. Akaandika. Akapuliza wino ukauke, akanirudishia daftari kwa heshima, kama kawaida yake. Nilipofika nje nilitazama kidole changu. Nusu ya jina lake ilikuwa juu ya ukucha wangu.

Nilisoma tena mistari yangu na safari hii nikaielewa. Padri Mkaguzi hakuwa mjinga. Yeyote ambaye angesoma kwamba kwa wiki mbili mwalimu hajatazama hata adwazi moja angejiuliza sababu. Na baada ya wiki hizo mbili daftari lilitakiwa ofisini kwake Jumamosi adhuhuri.

Jumamosi nilifika kabla ya kengele. Mwalimu alikuwa peke yake, akipapasa madawati na kuyanyoosha kwa mkono. Nilimwambia kutoka mlangoni kwamba niko na neno juu ya daftari.

"Nisomee bile uliandika," akasema.

Nikasoma, polepole, kama mmoja wa watoto wake. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

"Macho ilianza kufa mwaka uliopita," akasema. "Sasa niko naona kivuli tu. Nyumba ni ya shule, unajua. Na batoto yangu ni sita."

Nilimwuliza kama nimwambie Padri kwamba daftari limepotea.

"Halafu bakutume Mokambo? Na mama yako, nani atamuchotea mayi?" Akanyoosha dawati jingine. "Mule ndani, uliandika bongo?"

"Hapana, Mwalimu, hakuna uongo hata mmoja."

"Basi peleka, mwana. Tulikuweka nyuma pale juu ya kuangalia."

Nilipeleka. Jumapili sikuweza kula.

Jumatatu Padri Mkaguzi aliingia na daftari langu kwapani. Alichukua adwazi ya mtoto wa mbele, akampa Mwalimu, akamwomba asome. Mwalimu akamgeukia mtoto wa karibu, kwa mazoea, akitaka kumpa. Padri akasema hapana, asome yeye mwenyewe.

"Sioni, mon Père," Mwalimu akasema.

Padri hakumkemea. Alitoa mkobani kitabu kipya ambacho watoto hawakuwahi kukiona, akawasomesha mmoja mmoja. Wote walisoma. Mtoto aliyezoea kusoma miguu ya kuku ya jirani yake hawezi kuogopa maandishi yaliyopigwa chapa. Padri alikifunga kile kitabu, akakirudisha mkobani. Kisha akasema taratibu kwamba mtu asiyeona hawezi kuachiwa watoto hamsini. Akaniita kutoka nyuma, akanipa chaki.

"Endelea wewe," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi mjini.

Mwisho wa mwezi Mwalimu Ilunga alipanda treni ya kaskazini na mke wake na watoto sita. Nilimbebea sanduku. Hakunilaumu, aliniambia tu nisiache kubadilisha adwazi.

Sikuacha. Nilifundisha hivyo darasa lile la pili, nikafundisha hivyo Kinsevere nilipohamishiwa baada ya mama kufariki, na tena mjini nilipofanywa Mkurugenzi wa shule. Wakaguzi walisifu. Mmoja aliandika kwamba ni njia yangu. Nilimwomba aifute sentensi hiyo na kuandika jina la Mwalimu Ilunga. Akacheka, akaiacha.

Nimestaafu sasa, na macho yangu bado yanaona. Wanafunzi wengi wa ualimu waliketi nyuma ya darasa langu miaka ile yote. Kila mmoja nilimwambia aandike kila anachokiona, asinionee haya. Ijumaa nilitia sahihi, nikiwa nimesoma kila mstari mara mbili. Hata hivyo, hadi Jumamosi adhuhuri ipite, saa ya daftari kufika kwa mkaguzi, chakula hakikunishuka.