Tone kwenye Katoni ya Shemeji

Pale gereji walimwita Kavu, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya wembamba wake, ingawa mbavu zake zilihesabika. Alilipata kwa sababu injini ya lori ikitoka mikononi mwake haikudondosha mafuta tena. Malori aliyoyashughulikia yalikuwa yamekula chumvi nyingi, mengine yakilingana naye kwa umri, na yaliingia uani yakiacha mstari mweusi tangu getini. Kavu aling'oa sili iliyokwisha, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoroke pale krenki, ule mhimili unaozunguka, inapotokeza nyuma ya injini, akaweka mpya, basi, mchezo umekwisha.

Mafundi wa pale walikuwa na desturi yao. Kazi ya sili ikikamilika, injini huwashwa mpaka ipate moto, kisha hutandikwa katoni safi chini yake na lori hulala hapo hapo. Asubuhi dereva huinama kuangalia. Katoni ikiwa safi, anaondoka zake. Ikiwa na tone, fundi anashusha giaboksi upya huku wenzake wakimcheka mpaka machozi. Kavu hakuwahi kuchekwa. Alikuwa hana kingine cha kujivunia duniani, na hicho alikilinda kwa wivu.

Kisha akaja shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe. Mkewe ndiye aliyemwombea nafasi, kila mlo wa jioni ukifunguliwa kwa ombi hilo hilo, mpaka Kavu akakubali ili ale kwa amani. Akamfundisha. Na tuseme ukweli, alimfundisha vizuri, hata siri yake kubwa hakumficha: sili ya zamani huchimba kamfereji kwenye krenki, na ukiigonga mpya mpaka mwisho, mdomo wake unaangukia kwenye kamfereji kale kale na mafuta yanapita.

"Iache nje kidogo, unene wa ukucha," alimwambia. "Ikae kwenye chuma kizima."

Laiti angeumwa meno siku ile! Maana mwanafunzi alishika, akampita mwalimu wake. Muda si muda madereva wakawa wanauliza getini, "Dada Fundi yupo?" na Kavu amesimama mbele yao, spana mkononi, kama vile ni tangazo limebandikwa ukutani. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. "Mdogo wangu leo kamaliza lori zima peke yake," mkewe husema huku anapakua, na Kavu anasukuma sahani pembeni. Aliona gere. Aliona gere mtu mzima yule, na mvi zake, na aibu ya kuona gere haikumpunguzia hata chembe.

Kilichomvunja kabisa ni lori la kokoto. Dereva wake, bwana mmoja mnene mwenye maneno mengi, alikuwa mteja wa Kavu tangu wote wawili wakiwa bado na nywele nyeusi. Siku hiyo alishuka, akampa Kavu mkono, akamuulizia watoto, halafu akampita na kumkabidhi shemeji ufunguo.

"Usininunie bwana," alisema. "Mgongo wenyewe unakusumbua. Mwache dada alale chini."

"Nani kakwambia mgongo unanisumbua?"

"Si mkeo!"

Kavu akacheka na wengine, lakini roho ilikuwa inamchemka.

Jioni, katoni ikiwa imeshatandikwa na wenzake wakinawa mikono bombani, alipita kando ya lori lile na kikopo chake cha mafuta, kile anachopakia midomo ya sili kabla ya kuzifunga. Akainama kana kwamba anafunga kamba za kiatu. Tone moja tu. Akaenda nyumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikula akaongeza.

Asubuhi dereva alichungulia, akaguna. "Dada, mbona hivi?"

Vicheko vikaanza. Kavu naye akasogea, uso umejaa huruma ya uongo, akaangalia. Akaona kosa lake. Tone lilikuwa la rangi ya asali, kama mafuta mapya ya kikopo chake. Lori lile halikuwa limebadilishwa mafuta ya injini kwa muda mrefu; yaliyokuwemo yalikuwa meusi tii. Shemeji alichovya kidole, akakisugua kwenye kidole gumba, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akakifuta kwenye ovaroli.

"Nitafungua," alisema, bila kumtazama mtu.

Wakashusha giaboksi, klachi, flaiwili. Kavu ndiye aliyeshika jeki, na kila boliti iliyolegea alijisikia kama imelegea kifuani mwake. Ndani kulikuwa kukavu kabisa. Sili ilikuwa imekaa unene wa ukucha nje, sawa pande zote, sawa kuliko alivyowahi kuiweka yeye. Akadhani hatia ndiyo itakayomuuma, kumbe hapana, kilichomuuma ni ule usawa.

Shemeji aliing'oa, na sili ikishang'olewa hairudishwi. Akafungua mpya, akamnyooshea.

"Weka wewe, shemeji. Mkono wako haujawahi kudondosha."

Kavu alimchunguza usoni, akakosa kejeli aliyokuwa akiitafuta. Basi, kichwa kikavimba. Kumbe bado yeye ndiye yeye! Akapaka mafuta, akaipachika, akaanza kugonga kwa madaha huku akigeuka kuona kama dereva anaangalia. Dereva alikuwa anaangalia. Kavu akagonga tena, akageuka, akagonga tena, mpaka nyundo ikalia ngumu na sili ikazama mpaka mwisho. "Mzee bado wamo!" dereva akasema, na Kavu akajifuta jasho kama bwana harusi.

Walifunga kila kitu, wakawasha, wakatandika katoni mpya.

Kesho yake Kavu aliwahi, kabla ya dereva, akitaka awe wa kwanza kuiona ikiwa safi. Alimkuta shemeji amechuchumaa chini ya lori. Alikuwa amenyoosha kidole kimoja, anakitazama kwenye mwanga, na aliposikia viatu vya Kavu alisema kwa sauti ndogo, ili waliokuwa getini wasisikie:

"Hili la leo ni jeusi, shemeji."