Fundi Bomba na Ziwa Lisilo na Koki

Shemeji yangu ni fundi bomba, na kama mafundi wengi hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kumsema fundi aliyetangulia. Anapiga magoti chini ya sinki, anachungulia, anatikisa kichwa kama daktari aliyecheleweshewa mgonjwa, kisha anauliza: "Hii nani aliwafungia?" Swali hilo halitaki jibu. Maana yake ni kwamba aliyefunga hakujua kazi, na sasa mkombozi amefika.

Nampenda shemeji yangu, lakini mambo yake nitayasema mimi. Dada yangu ameolewa naye, hawezi kumwona vizuri.

Ni mtu mfupi, mwenye mikono mipana na suruali iliyotoboka goti la kulia. Mimi ni mshonaji. Goti hilo nimelitia viraka mpaka nimelichoka, na siku hizi naweka viwili kwa mpigo. Kazi alijifunza kwa kumbebea fundi mmoja sanduku la vifaa miaka mitatu, na alichotoka nacho, mbali na ufundi, ni msemo mmoja tunaousikia nyumbani kutwa: "Usikaze sana, utavunja." Nati, anasema, unaikaza kwa mkono mpaka ikatae, halafu unaongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Wanaovunja mabomba si wavivu, ni wenye bidii wasiojua kuacha. Msemo huo anautumia kwa nati, kwa vifuniko vya chupa na kwa kamba za viatu vya watoto. Siku moja dada alimkumbatia stendi mbele za watu, naye akamwambia hivyohivyo. Hawakusemeshana mpaka jioni.

Wana watoto wawili. Wa kwanza ni binti wa miaka sita tunayemwita Bibi Mdogo, kwa sababu anaongea kama mtu aliyestaafu. Wa pili ana miaka miwili na nusu na jina lake ni Tingatinga. Ukiona vikombe vyetu utajua kwa nini.

Kila baada ya miezi michache tunakwenda mji wa ziwani. Tunapanda basi Jumamosi asubuhi, mwendo wa saa tatu njiani, na kurudi Jumapili jioni. Mimi nakwenda kwa cheo cha mama mdogo, yaani mtu wa kubeba mabegi. Mji wenyewe una barabara moja kubwa inayoteremka moja kwa moja hadi majini, na maduka ya kofia na ndoo za plastiki pande zote mbili, hivi kwamba ukifika chini ukiwa na watoto, umeshanunua usivyohitaji. Pale ufukweni kuna sehemu ya watoto iliyozungushiwa kamba yenye maboya mekundu. Kuna mlinzi mwenye filimbi, na kuna ubao unaosema mtoto wa chini ya miaka saba aingie majini akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima.

Mtu mzima huyo, safari nne mfululizo, nilikuwa mimi. Dada alikuwa na Tingatinga, na Tingatinga ni kazi ya kutwa. Shemeji, yeye alikuwa anatengeneza. Safari ya kwanza lilikuwa bomba la bafuni kwenye nyumba ya wageni, linadondosha. Safari ya pili tangi la choo. Safari ya tatu alitengeneza bomba la jirani wa nyumba ya wageni, mtu tusiyemjua kwa jina wala sura. Ya nne tulimkuta juu ya paa la watu, amekumbatia simtangi la maji.

"Tangulieni, nakuja sasa hivi," alikuwa anasema. Tukaamini ni mapenzi ya kazi. Na kila safari Bibi Mdogo alimwomba, "Baba, leo tutaingia wote?" Na kila safari akajibiwa, "Safari ijayo, mama."

Safari ya tano, tukiwa kwenye basi, dada alimwinamia mumewe akanong'ona, "Umeona? Safari hii hajaomba."

"Nani?"

"Mwanao. Toka jana hajaomba kitu. Kapanga nguo zake mwenyewe, kaniambia ataingia na mama mdogo, basi, kanyamaza."

Shemeji akageuka kumtazama. Bibi Mdogo alikuwa dirishani anamfundisha mdogo wake kuhesabu ng'ombe, na anamkaripia kwa kumhesabu mbuzi. Hakuwa amenuna, na hilo ndilo lililoniuma. Mtoto anayelilia kitu bado anakutegemea. Akiacha kuomba, ujue ameshakuzoea vibaya. Dada machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Leo naingia," shemeji akasema. "Nimeshasema." Akajifuta viganja kwenye suruali, ingawa havikuwa na kitu.

Nyumba ya wageni tunayofikia ni ya mama mmoja tunayemwita Mama Mapazia. Ana mapazia kila mahali, mpaka bafuni, na pindo zake zimeshonwa vizuri, nimezikagua. Alitupokea mlangoni amefungua mikono. "Karibuni, karibuni! Baba, safari hii utapumzika hasa. Nimebadilisha mabomba yote mwezi uliopita. Nyumba nzima!"

Tulicheka, ila shemeji. Yeye alikuwa na uso wa mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa.

Alianza kuzunguka. Alifungua bomba moja baada ya jingine, akafunga, akasubiri tone. Hakuna. Alichukua bisibisi, ncha akaiweka kwenye bomba na mpini sikioni, kama anavyofanya akitafuta maji yanayovuja ndani ya ukuta. Kimya. Mwisho akapiga magoti chini ya sinki la bafuni na kukaa huko muda mrefu.

"Hii nani aliwafungia?" akauliza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kulitakia jibu swali lile.

"Kuna kijana wa mtaa wa pili," Mama Mapazia akajibu.

"Anajua kazi," shemeji akasema kwa huzuni.

Tukajiandaa. Bibi Mdogo alivaa vazi la kuogelea nililomshonea mwenyewe, la kijani, lenye mfuko ambao hauna kazi lakini aliutaka. Shemeji akasema tutangulie getini, anapita msalani mara moja. Tukasimama getini. Tingatinga akang'oa ua la kwanza, akang'oa la pili. Bibi Mdogo akakumbuka taulo lake, akarudi ndani kulichukua, naye hakutoka. Nikamfuata.

Nilimkuta amesimama mlangoni mwa bafu, taulo begani. Nikachungulia juu ya kichwa chake. Baba yake alikuwa amelala chali chini ya sinki na spana ndogo mkononi, ile aliyoapa ameiacha nyumbani, analegeza nati. Nati nzima, isiyo na kosa lolote.

Hapo ndipo kichwa kilinifunguka. Miaka minane namjua mtu huyu, namcheka, namshonea magoti, na sikuwahi kuona. Hakuwa anapenda mabomba kuliko mwanawe. Alikuwa anaogopa maji.

Sijapata hata kufungua mdomo, nati ikaachia. Njia ya mwongo ni fupi, na ya shemeji yangu ilikuwa na urefu wa shubiri moja ya bomba. Alikuwa amesahau kufunga koki kwanza, kosa ambalo fundi halifanyi hata siku yake ya kwanza kazini. Maji yakamruka usoni, yakapiga ukuta, yakapanda mpaka kwenye pazia. Kile kimpira kinachokaa ndani ya nati kikamtoka mikononi, kikaviringika sakafuni na kutumbukia kwenye tundu la maji machafu.

"Koki! Shemeji, koki! Nyuma ya mlango!" akanipigia kelele.

Niliifunga, nikiwa nimelowa tangu kilemba mpaka ndala. Mama Mapazia akafika mbio, akalitazama pazia lake kwanza, ndipo akatutazama sisi.

"Yule kijana!" akafoka. "Nimemsifu kwa watu wote! Nampigia sasa hivi, aje aone alichonifanyia. Kesho mtaa mzima utamjua!" Akatoa simu.

Shemeji alikuwa amepiga magoti, maji yanamchuruzika puani. Alichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa na kuguna, kama alivyofanya katika nyumba mia. Lawama zingekwenda mtaa wa pili, yeye angebaki na kazi ya siku nzima, na ziwa lingekaa mpaka safari ijayo. Bibi Mdogo alimtazama. Alivuta taulo lake begani, akangoja.

"Mama, weka simu," shemeji akasema. "Kijana wako hana kosa. Hii nati aliifunga vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Nimeilegeza mwenyewe."

"Umeilegeza? Kwa nini?"

"Nilikuwa natafuta kazi."

"Kazi gani, baba? Si umekuja kupumzika!"

"Ndiyo, mama." Akaiweka spana chini. "Naogopa ziwa."

Dada alikuwa ameshafika mlangoni, Tingatinga kiunoni na maua mkononi. "Unaogopa nini?"

"Ziwa, mke wangu. Mimi nilikokulia, maji mengi kuliko yote yalikuwa ya pipa. Ziwa nimelijua nikiwa na miaka ishirini na sita. Maji ya bomba nayaelewa. Yanatoka hapa, yanaishia pale, yakinishinda nafunga koki. Lile halina koki!"

Nilicheka, nitawadanganya ili iweje? Mama Mapazia alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la pazia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Wewe, baba, umeumbuliwa na bomba." Hata dada alijificha nyuma ya mgongo wa Tingatinga, mabega yakimtikisika.

Bibi Mdogo hakucheka. Aliingia kwenye dimbwi na ndala zake, akamfikia baba yake, akamshika mkono uliolowa.

"Mimi pia niliogopa," akamwambia. "Mama mdogo alinianzisha na vidole."

"Vidole?"

"Vya miguu. Siku ya kwanza vidole tu. Nitakuonyesha."

Shemeji akatoa kimpira kingine mfukoni, kwa kuwa mtu huyu vimpira hakosi hata akienda harusini, akaifunga nati na kuidekia sakafu mwenyewe. Kabla ya kutoka alimwambia Mama Mapazia, "Yule kijana mwambie kuna fundi anamsalimu." Spana akanikabidhi mimi bila kuombwa.

Ufukweni jua lilikuwa kali na watoto walikuwa wengi. Mlinzi aliwatazama wale wawili, akausoma ubao wake upya, nadhani ili ahakikishe nani kamshika nani. Shemeji alikuwa amekunja suruali juu ya viraka vyangu. Kiwimbi cha ukubwa wa kisahani kikamgusa vidole, akaruka nyuma, na kitoto fulani kisicho na adabu kikaangua kicheko.

"Usimjali," Bibi Mdogo akasema. "Tena."

Vidole vikaingia, kisha nyayo, kisha vifundo. Maji yalipofika magotini shemeji alikuwa amefumba macho na kuukamata ule mkono mdogo kama anayening'inia darini. Mtoto akauvumilia kwa muda, halafu akamtazama juu na kumwambia taratibu, kwa sauti ileile ya baba yake:

"Baba, usikaze sana, utavunja."

Shemeji akafumbua macho. Nikaona mkono wake unalegea, kidogo tu, robo mzunguko. Akapiga hatua nyingine. Mimi na dada tulikuwa tumekaa mchangani, na sote wawili ghafla tukawa na shughuli kubwa ya kutafuta kitu ndani ya begi.

Jumapili alifika kiunoni. Kisha akarudi kwenye maji ya kina kifupi, akakaa kabisa, kama kiboko, kichwa na mabega nje, anacheka peke yake, na Tingatinga akammwagia ndoo kichwani mara ishirini bila kukemewa. Vidole vilimkunjamana mpaka akatuonyesha kwa fahari, akidhani ni yeye wa kwanza kutokewa na jambo hilo. Saa ya basi ilipofika ilibidi mlinzi ampulizie filimbi.

Tulipopanda basi nilijua tumeshinda, lakini si kwa kiasi gani. Tingatinga alilala kabla hatujatoka stendi. Bibi Mdogo alikuwa amempakata mdoli wake, na baba yake amempakata yeye, nywele zake bado mbichi. Nilidhani naye amelala.

"Baba."

"Naam, mama."

"Safari ijayo tufike kwenye maboya?"

Kwenye maboya maji yanamfika mtu mzima kifuani. Nilimwona shemeji akitazama dirishani, kisha akamtazama tena mwanawe.

"Tutafika," akasema.

Dada alinifinya paja kwa nguvu mpaka nikaruka. "Umesikia?" akaninong'oneza. "Ameomba."